Lavenda Juu ya Mise

Siku hizi ukipanga mafuta ya kupaka mezani pale sokoni Mwandiga, watu hawaanzi na bei. Wanaanza na lavenda, yale mafuta ya maua ya kunukia. "Dada, haya yana lavenda?" Ukisema ndiyo, chupa imeondoka. Ukisema hapana, mtu anaigeuza mara moja, anaitazama chini, anairudisha, hata kama ndani kuna mise safi, mafuta ya kiini cha chikichi, iliyokamuliwa wiki hiyo hiyo Simbo. Shughuli yangu ni sabuni na mafuta ya ngozi yanayotokana na michikichi yetu ya Kigoma, kwa hiyo swali hili nakutana nalo karibu kila siku, na kila siku natamani mtu angekuwa na nafasi ya kukaa nimweleze kwa kirefu. Leo naeleza.

Lavenda naipenda. Harufu yake inatulia, haipigi kelele kama pafyumu nyingi za dukani, na ninaitumia kwenye baadhi ya mafuta yangu. Lakini naona imepewa kazi isiyo yake. Mtu anaambiwa inaondoa chunusi, inafuta makovu, inang'arisha uso, inatibu moto, inafaa kwa kichanga, tena ipakwe kavu bila kuchanganywa na kitu. Huku mafuta yanayoibeba, ambayo ndiyo yanayolainisha ngozi na kuizuia isipauke, hakuna anayeyauliza.

Tuanze na yenyewe. Mmea unaotoa mafuta mazuri ya ngozi kitaalamu unaitwa Lavandula angustifolia, na asili yake ni miinuko ya nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania. Kusini mwa Ufaransa wamejulikana nao miaka mingi, na Bulgaria nayo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Yupo ndugu yake chotara, lavandini, anayetoa mafuta mengi zaidi kwa shamba lile lile, kwa hiyo ni rahisi. Ila ana kafuri zaidi, ile harufu kali inayopanda puani kama dawa ya kuchua. Chupa nyingi za bei nafuu zilizoandikwa lavenda huwa ni lavandini, na nyingine hata huyo hamna, ni pafyumu ya kiwandani tu.

Maua hufungiwa ndani ya pipa, mvuke wa maji unapitishwa katikati yake, unabeba mafuta, kisha unapozwa. Mafuta yanakaa juu, maji chini, yanatenganishwa. Kilo mia za maua hutoa kilo moja hivi ya mafuta, pengine zaidi kidogo, pengine pungufu. Ukilijua hilo, utashtuka ukiona chupa kubwa ya "lavenda halisi" inauzwa bei ya soda mbili. Kinachojaa ndani ya mafuta hayo ni vitu viwili vikubwa: linaloli na linalili asetati. Hivyo ndivyo pua yako inavyovinusa, na ndivyo ngozi yako inavyokutana navyo.

Sasa mise. Msomaji wa Kigoma atanivumilia, naandika pia kwa wa Tanga na Mombasa. Chikichi moja inatoa mafuta mara mbili. Nyama ya nje, ile nyekundu, ndiyo mawese. Ukishayatoa unabaki na kokwa. Zinaanikwa zikauke kabisa, zinagongwa jiwe kwa jiwe, kile kiini cheupe cha ndani ndicho kinachotoa mise. Wakina mama wanakaa kivulini wanagonga, watoto wanaiba viini wanatafuna. Viini vikikaangwa na kutwangwa, mafuta yanatoka meusi kidogo yenye harufu ya kukaangwa. Vikikamuliwa kwa mashine bila moto, yanatoka ya rangi hafifu na harufu yake inakuwa ndogo. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, kama nazi, na ndiyo maana sabuni ya mise inatoa povu jingi. Mafuta yanayoharibika haraka kwa hewa ndani yake ni machache sana, kwa hiyo yanadumu. Joto la mchana yanakuwa maji; usiku wa baridi wa mwezi wa sita na wa saba yanaganda kwenye chupa, na wageni wanadhani yameharibika.

Mafuta haya yanatanda juu ya ngozi yanazuia maji yasitoroke. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na ni kubwa. Mguu uliopauka vumbi la kiangazi, kiwiko kilichokakamaa, mikono ya mtu anayefua na kuosha dagaa tangu alfajiri Kibirizi: hapo anayefanya kazi ni mise. Lavenda inamfanya mtu afurahie kupaka, na kufurahia nako kuna thamani yake, kwa sababu mafuta unayoyapenda utayapaka kila siku. Nakubali pia kwamba mise si ya kila mahali. Kwa uso wenye chunusi siishauri, maana ni nzito na huziba vinyweleo. Hapo afadhali alizeti kidogo.

Na sayansi? Ipo, lakini isomwe kama ilivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walipaka mafuta ya lavenda kwenye vidonda vya panya wakaona vinajifunga haraka zaidi. Ni panya. Kule Aberdeen, Uskochi, mwaka 1998, madaktari wa ngozi waliwachukua wagonjwa 86 wenye ugonjwa wa nywele kunyonyoka kwa mabaka. Nusu walisugua kichwani mchanganyiko wa mafuta ya taimu, rozmeri, lavenda na mwerezi ndani ya mafuta ya kubebea. Wengine walisugua mafuta ya kubebea peke yake. Katika kundi la kwanza asilimia 44 walipata nafuu, katika la pili 15. Ni matokeo ya kutia moyo, ila lavenda ilikuwa moja kati ya nne, na hakuna awezaye kuitenga na kuipa sifa zote. Kwenye chunusi, ushahidi mzuri zaidi ni wa mafuta ya mti wa chai wa Australia, ambao ni mmea mwingine kabisa.

Halafu kuna kisa cha moto. Kila anayeuza lavenda anacho: Mfaransa mmoja aliungua mkono, akauchovya kwa bahati kwenye chungu cha lavenda, akapona bila kovu. Mtu huyo ni wa kweli, René-Maurice Gattefossé, mkemia wa manukato, na aliungua kweli mwaka 1910 katika mlipuko wa maabara yake. Lakini alivyosimulia mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1937 ni tofauti: vidonda vilishaingia uozo wa gesi ndipo akavisuuza kwa lavenda. Alikuwa anapigana na maambukizi, wakati ambapo antibiotiki hazijaanza kutumika hospitalini. Leo kisa hicho kimegeuzwa ruhusa ya kumwagia mtoto lavenda akiungua chai. Tafadhali usifanye hivyo. Maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20, kisha zahanati. Wala mise usipake, wala dawa ya meno, wala asali, mpaka mhudumu wa afya aone.

Niliwahi kupeleka chupa ya lavenda kwa bibi mmoja wa Ujiji ambaye mise yake naiamini kuliko ya mtu yeyote. Mteja alikuwa ameniletea chupa hiyo nimchanganyie. Bibi aliifungua, akanusa, akanusa tena.

"Hii imefunguliwa lini, mjukuu wangu?"

"Mwenyewe anasema kabla ya mfungo, bibi. Inakaa dirishani."

"Basi ishakuwa nyingine. Harufu ya juu imekwenda. Iliyobaki inachoma."

Hajawahi kusoma kitu juu ya lavenda, lakini amenusa mafuta maisha yake yote, na alichokisema ndicho watafiti wa Sweden walikithibitisha maabara. Linaloli ikiwa mpya ni pole kwa ngozi. Ikikutana na hewa kwa wiki na miezi, inaungana na oksijeni na kuzaa vitu vinavyoitwa haidroperoksaidi, na hivyo ndivyo vinavyoifanya ngozi ipate mzio. Mwaka 2008 walionyesha kwamba mafuta ya lavenda hayana kinga ya asili ya kuzuia mabadiliko hayo. Wengi walikuwa wakidhani mafuta ya asili yanajilinda yenyewe. Baadaye walipowapima wagonjwa 2,900 wa ngozi kwa linaloli iliyokaa hewani, karibu asilimia 7 waliitikia. Watafiti wengine, wa Japani, waliona jambo hilo kwa namna nyingine: miaka ya tisini lavenda ilikuwa fasheni huko, maua makavu yanawekwa kwenye mito na makabati. Wagonjwa walioshukiwa kudhurika na vipodozi walipopimwa, walioonyesha mzio wa lavenda walikuwa takriban asilimia 1 mwaka 1990. Kufikia 1998 walikuwa asilimia 13.9.

Mzio wa namna hii hauji siku ya kwanza. Unapaka wiki, unapaka mwezi, kila kitu shwari, mwili unajifunza taratibu kukikataa kitu hicho. Siku ukishajifunza, hausahau. Mtu ananiambia, "Haiwezi kuwa lavenda, nimeitumia muda mrefu." Ndivyo mzio unavyotengenezwa, kwa kutumia muda mrefu kitu kilichochakaa.

Na hapa ndipo ninapoomba watu wa ngozi nyeusi wanisikilize zaidi, kwa sababu makala nyingi za urembo zimeandikwa kwa ngozi zisizo zetu. Ngozi yetu ikiwashwa na kuvimba, hata kidogo, inaacha alama. Uwekundu wa wiki moja kwa mwingine, kwetu ni baka jeusi la miezi kadhaa. Ndiyo maana nasikitika ninapoona msichana anapaka lavenda kavu kwenye vipele vya shavuni ili kufuta madoa, inamwasha, inaacha madoa mapya, anaongeza lavenda, na mwisho anaangukia kwenye mkorogo. Lavenda haing'arishi ngozi wala haifuti kovu. Haizuii jua pia. Watu wenye ualbino waambiwe hili waziwazi: hakuna mafuta ya maua yanayoweza kusimama badala ya kofia pana, mikono mirefu na losheni halisi ya kukinga jua, kama ile ya Kilisun inayotengenezwa kule Moshi kwa ajili yao.

Sitaki mtu aache lavenda kwa woga. Nataka aijue.

Anza na chupa. Mafuta ya lavenda hayana rangi ya zambarau. Ni kama maji, au manjano hafifu sana. Ukiona zambarau ndani, hiyo ni rangi imetiwa, na mara nyingi pafyumu pia. Soma lebo: kama kuna jina Lavandula angustifolia, una pa kuanzia, kama limeandikwa tu neno parfum au fragrance, ni manukato, yatie kwenye kitambaa si usoni. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe uache mpaka likauke. Mafuta ya maua huruka hewani. Yakiacha doa la grisi linaloangaza, yamechanganywa na mafuta ya kupikia au mengineyo. Kipimo hiki hakikamati kila udanganyifu. Linaloli ya kiwandani nayo huruka vile vile, na kuigundua kunahitaji mashine ya maabara. Ndiyo maana namchagua muuzaji kabla ya kununua chupa: nataka anayenijibu yametoka wapi na lini. Na vipodozi vilivyofungashwa tayari, tafuta alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, maana tangu 2019 wao ndio wenye jukumu la vipodozi nchini.

Chupa iwe ya kioo cheusi au cha kahawia, ndogo, yenye kifuniko kinachobana. Isikae dirishani, isikae bafuni, isikae juu ya kabati chini ya bati linalochemka mchana. Mwenye friji aweke humo. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu, kwenye plasta kama huna stika. Mimi naihesabia mwaka mmoja tangu kufunguliwa, na ikianza kunukia ukali uliokuwa haumo, naiondoa kwenye ngozi hata kama mwaka haujafika. Haipotei, inakwenda kwenye maji ya kupiga deki.

Kipimo sasa. Mililita moja ya mafuta haya ni matone kama 20. Chupa ya mililita 30 ina matone kama 600. Asilimia moja ya hapo ni matone sita. Kwa mafuta ya mwili ndicho ninachoweka, matone sita kwenye chupa ya mililita 30 ya mise, na mtu akinusa anaridhika. Kwa uso natia matatu. Watu wanaona ni kidogo mno, wananiomba niongeze "mama, ikolee," na ninawakatalia kwa upole. Lavenda ni kama pilipili mbuzi kwenye mchuzi wa migebuka: kipande kinatosha chungu. Maabara nako, mwaka 2004, seli za ngozi ya binadamu zilizotiwa lavenda kwa kiasi cha robo ya asilimia zilianza kufa. Seli zilizo uchi kwenye sahani si ngozi nzima yenye tabaka lake la juu, ni kweli, lakini wanaopaka asilimia mia juu ya kidonda kibichi hawana hata hilo tabaka la kuwakinga.

Kabla ya kupaka mwili mzima, jaribu ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mahali pale pale, asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Siku moja haitoshi, kwa sababu niliyoeleza ya mzio kujifunza polepole.

Kwenye sabuni hali ni tofauti. Kostiki, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, inaivunja ile linalili asetati, kwa hiyo ukimwaga lavenda mapema kwenye sabuni inayoiva, pesa yako inaondoka na mvuke na nusu ya harufu inabadilika. Naitia mwishoni kabisa, sabuni ikishaiva na kupoa kiasi cha kuanza kushika, kisha naimimina haraka kwenye boksi. Hata hivyo harufu inabaki nyepesi. Kwa vile sabuni inaoshwa, kwa mwenye ngozi ya wasiwasi anayeipenda harufu hii ningesema aipatie hapo kuliko kwenye mafuta yanayolala naye usiku kucha.

Kuna jambo la watoto. Mwaka 2007 jarida kubwa la udaktari la Marekani lilichapisha habari za wavulana watatu walioota matiti kabla ya kubalehe, wote wakitumia bidhaa zenye lavenda au mafuta ya mti wa chai; bidhaa zilipoachwa, matiti yakarudi. Utafiti uliofuata kwa watoto wengi zaidi, uliotoka 2022, haukuona uhusiano huo. Mimi siuzi hofu ya matiti. Sababu yangu ya kumnyima kichanga lavenda ni nyepesi zaidi: haihitaji. Ngozi yake ni nyembamba, inanyonya, na harufu ya mama yake ndiyo anayoitafuta. Kule Bangladesh watoto njiti hospitalini walipakwa mafuta matupu ya alizeti, na matokeo yaliyotoka mwaka 2005 yalionyesha maambukizi yamepungua kwa asilimia 41 kulinganisha na wasiopakwa. Kazi hiyo yote ilifanywa na mafuta ya kula yasiyo na ua ndani yake.

Mama mmoja kijana alinijia na kichanga mgongoni na chupa ya lavenda aliyotumiwa na wifi yake kutoka Dar. Alitaka kuipaka kichwani kwa mtoto, "alale." Nikamwambia aipake kidogo kwenye shuka lake mwenyewe kama anapenda, na mtoto ampake mise ya kukamuliwa bila moto, nikampa. Akauliza kama haitanuka. Nikamnusisha ya mashine. Akacheka, akasema kwao Kasulu walipakwa ile nyeusi ya kukaangwa na walinuka jiko mpaka shule.

Ukipata vipele, kuwasha au kuvimba baada ya kupaka chochote chenye lavenda, acha siku hiyo hiyo, usipunguze, acha. Osha kwa maji na sabuni isiyo na harufu, usibandike kitu kingine juu. Isipotulia kwa siku chache, au ikiwa karibu na macho, nenda zahanati, na ubebe chupa yenyewe pamoja na kila unachopaka, sabuni na losheni pia. Linaloli huandikwa mwishoni mwa orodha ya viambato, herufi ndogo, kwa jina la linalool, na Ulaya sheria inataka itajwe hata ikiwa sehemu moja tu kati ya laki moja kwenye mafuta yanayobaki mwilini. Mganga akiiona kwenye chupa tatu zako kati ya nne, atajua aanzie wapi.